Barua ya Wazi kwa Wapanga Kodi ya Magari: Naombea Nafuu Mkokoteni Wangu

Kwa waheshimiwa mnaopanga kodi za magari,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA NAFUU YA KODI KWA CHOMBO CHA USAFIRI KILICHOTUMIKA, KISICHOTOA MOSHI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa makongamano ya nishati safi. Huku Malampaka huwa tunayasikiliza redioni, umeme ukiwepo.

Kuanzia 2023 hadi Septemba 30, 2025, Mmarekani aliyenunua gari la umeme lililotumika alipunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya bei ya gari, mwisho dola 4,000, yaani kama milioni kumi za kwetu. Masharti yalikuwepo. Gari lisizidi dola 25,000, liwe na angalau miaka miwili, liuzwe na muuzaji anayetambulika. Na mnunuzi asiye na mwenzi asiwe na kipato cha kuzidi dola 75,000 kwa mwaka. Hilo la mwisho tulilijadili kijiweni, tukaona kata nzima tungefaulu. Mpango wenyewe wameshaufuta, lakini walau waliwahi kutambua kwamba gari kuukuu hununuliwa na asiye na uwezo wa jipya, na kwamba huyo ndiye wa kushikwa mkono.

Kwetu gari la kuagiza likifikisha miaka 8 linatozwa ushuru wa uchakavu asilimia 15. Likivuka 10, asilimia 30. Hapo ushuru wa forodha wa asilimia 25 umeshapita, na VAT ya asilimia 18 inasubiri ikae juu ya vyote. Mwenye hela ananunua jipya, uchakavu haumhusu. Anayeunga-unga mauzo ya pamba na mkopo wa kikundi ili alete Probox ya kubebea abiria kwa mchomoko kwenda Maswa ndiye anayelipishwa faini ya umaskini. Samahani, nilitaka kuandika ushuru wa bidhaa.

Basi kwa kuwa gari la umeme lipo mbali na mimi, naleta kwenu mkokoteni wangu wa maksai. Maelezo yake ni kama ifuatavyo.

Namba ya chesisi imechomwa kwa chuma cha moto kwenye paja la kulia, inasomeka hata usiku kwa tochi ya simu. Injini ni mbili, zote nyeusi, moja hugoma ikiona maji. Kwa kuwa ushuru wa bidhaa mnaupanga kwa ujazo wa injini, afisa atakayekuja kupima namshauri asimame ubavuni, asithubutu kwenda nyuma. Chaji ni mashudu ya pamba na mabua usiku kucha, na wingu likitanda hayakatiki. Moshi hakuna. Ipo hewa nyingine, methani, ambayo wataalamu wa tabianchi wanailalamikia, ila naomba isihesabiwe maana hata kwenye vikao vya juu haikosekani.

Bodi ni mbao za hapa hapa. Ekseli ilitoka kwenye pikapu iliyokufa kabla wengi wenu hamjaajiriwa, hivyo uchakavu wake tuuzungumze kiutu uzima. Muuzaji ni mjomba wangu, anatambulika kata nzima. Risiti ninayo, ingawa najua mtaiweka pembeni mkaangalie thamani iliyomo kwenye mfumo wenu. Angalieni. Mkikuta humo bei ya maksai wa Japani, tutakutana kwenye rufaa.

Mengine ni madogo. Naomba kivuko cha mifugo kwenye reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ili maksai wangu nao waione treni ya umeme bila kugongwa nayo. Naomba plagi moja ya kuchajia stesheni. Na yeyote mwenye nafasi avuke Rusumo akawaulize Wanyarwanda waliwezaje mwaka 2021 kuyafutia magari ya umeme ushuru na VAT, nchi isiyo na bandari kubwa wala Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115.

Nchi ile haina hata bahari! Sisi tunayo, na gari likishuka tu melini bei yake inaanza kupanda mlima. Pamba yetu ilifunguliwa kwa shilingi 1,560 kwa kilo msimu wa 2022. Mwaka uliofuata ikawa 1,060. Hatukuona afisa aliyekuja kutufidia uchakavu wa migongo. Uchakavu wa gari mnaujua mpaka asilimia yake, wa mkulima hauna fomu.

Nisameheni, jua la Simiyu ni kali.

Kama mkokoteni utakosa vigezo, sitanung'unika. Ombi langu la akiba ni hili: futeni uchakavu kwa gari la kwanza la mwananchi, la umeme au la mafuta, na pokeeni bei iliyo kwenye risiti yake. Bajeti inasomwa kila Juni. Aya moja inatosha.

Wenu mtiifu,
Mkulima wa pamba, Malampaka.