Jinsi ya kupanga timu kazini kwa njia ya mkato

Ofisi yenu imeita mkufunzi. Mmekusanywa ukumbini Forest, Mbeya, na kila mmoja kapewa fomu ya kupima tabia. Sogea karibu, meneja, nikupe mbinu.

Kwanza, jaza upesi. Usiitolee jasho fomu. Kipimo kinachojulikana kuliko vyote kilitungwa Marekani na Katharine Briggs na binti yake, Isabel Briggs Myers. Mama alisomea kilimo, binti sayansi ya siasa, na binti aliwahi kuandika riwaya ya upelelezi. Walichukua mawazo ya kitabu cha mwanasaikolojia Carl Jung cha mwaka 1921, wakapata aina 16 za watu, kila aina na herufi zake nne. Wengi wakirudia mtihani baada ya wiki chache huangukia aina nyingine.

Pili, pokea majibu kwa furaha na uwaache wenzako wafurahi. Kila aina imeandikwa kwa sifa njema, hakuna anayeambiwa ni mvivu. Watu hupenda kusifiwa, basi wakiwa bado wanatabasamu, gawa kazi. Ila usimnyime mtu ajira kwa herufi zake nne; wenye kipimo wenyewe wanakataza.

Tatu, na hapa ndipo siri ilipo: tumia kamati ya harusi. Ofisi nzima imeshachangia harusi za wenzenu na majibu mnayo tayari. Nani hupewa uweka hazina bila mjadala? Huyo mpe fedha. Nani hupiga simu kukumbushia ahadi za michango, na aliyeahidi akalipa bila kinyongo? Kama mna SACCOS, huyo ndiye afisa mikopo wenu, hata kama leo yuko masijala. Yupo pia anayesimama mlangoni na kumrudisha shangazi wa bwana harusi kwa sababu hana kadi. Mpe stoo. Mshereheshaji mpeleke kwa wateja, na usimguse yule mkimya anayebaki usiku akihesabu viti vya kukodi mpaka cha mwisho. Timu bila mtu wa namna hiyo huanza kazi kumi na haimalizi hata moja.

Nne, usirundike vichwa vikali sehemu moja. Mtafiti Meredith Belbin alizichunguza timu za mameneja kule Henley, Uingereza, akaandika mwaka 1981 kwamba timu za wenye akili kali mara nyingi zilishindwa, kwa kuwa kila mmoja alitaka hoja yake ipite. Changanya.

Ukibaki na shaka, panda basi uende Iringa ukanywe kahawa Neema Crafts. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa vijana watatu viziwi waliojifunza kutengeneza karatasi. Mgahawani wahudumu ni viziwi: unaandika unachotaka kwenye kijidaftari, kinaletwa. Karakana zina wafumaji na watengeneza shanga wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Pale walitazama mikono inaweza nini, wakapanga kazi kuifuata.

Kwa hiyo meneja wangu, fomu mpe mkufunzi arudi nazo. Jumatatu mwite yule wa masijala, mwambie umeona anavyofuatilia ahadi za watu, kisha umkabidhi daftari la wadaiwa.