Haki ya Mistral

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Upepo wa Mistral si mnyonge hata kidogo, maana ukiamka na hasira hupita kilomita 100 kwa saa, lakini haki yake bado haujapewa. Familia zinazofika Avignon, kusini mwa Ufaransa, kuuzunguka mji wa kale kwa miguu husifu kila kitu: Kasri la Mapapa, kuta za karne ya 14 zenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, Daraja la Saint-Bénézet linaloishia mtoni, hata aiskrimu. Upepo peke yake ndio unaotukanwa. Umepeperusha kofia za watoto, umewatia watu vumbi machoni, umempokonya baba ramani. Nami nasema hao wanaolalamika wamemtukana mwenyeji wao. Katika vivutio vyote vya Avignon, hakuna kinachoifaa familia inayotembea kwa miguu kuliko upepo huu.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada ya kumsifu mkubwa. Mistral huzaliwa pale kanieneo kubwa ya hewa inapotulia upande wa Atlantiki na kanieneo ndogo ikajikita kwenye Ghuba ya Genoa. Hewa baridi ya kaskazini huvutwa kuelekea Mediterania, ikabanwa kati ya Alps na milima ya Massif Central, ikateremka bonde la mto Rhône kwa kasi. Sisi tuliozoea kaskazi na kusi, pepo zenye adabu ya kuja kwa msimu wake, tutauona huu kuwa hauna ratiba: hupendelea majira ya baridi na ya machipuko, lakini hata Julai huingia bila hodi. Sifa zake ni za kale. Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa miaka 2,000 hivi iliyopita, aliandika kwamba katika uwanda wa Crau, si mbali na Avignon, upepo wa kaskazini husemekana kuviringisha mawe, kuwaangusha watu kutoka kwenye magari yao ya kukokotwa na kuwavua silaha na nguo. Kofia ya mtoto ni nini mbele ya rekodi kama hiyo? Seneca, mwanafalsafa wa Roma, naye anaeleza kuwa upepo wa huko ulioitwa Circius, ambao wengi huuona kuwa ndio huu wetu, ulitikisa majengo na bado wenyeji waliushukuru kwa kuwasafishia hewa; na kwamba Kaisari Augusto, alipokuwa Galia, yaani Ufaransa ya kale, aliuwekea nadhiri na kuujengea hekalu. Mapapa walijijengea kasri lao wenyewe. Mistral ulijengewa, tena na mtawala wa dunia.

Sasa tuone kazi yake. Uwanja ulio mbele ya kasri ni mpana na wazi, na familia isiyo na upepo husimama hapo muda mrefu huku mmoja wao, kwa kawaida baba, akisoma kwa sauti kwamba Papa Clement V alifika Avignon mwaka 1309 na kwamba Clement VI aliununua mji mwaka 1348 kutoka kwa Malkia Joanna wa Naples kwa florini 80,000. Watoto hufa ganzi. Mistral ukivuma, mhadhara huishia kwenye Clement wa kwanza, kwa kuwa sauti ya baba imeshachukuliwa kuelekea Marseille. Watu hukimbilia uchochoro wa karibu, na uchochoro wa karibu ni rue Peyrollerie, uliochongwa ndani ya mwamba ubavuni mwa kasri na kupita chini ya mhimili mkubwa wa mawe unaokinga ukuta. Ukiwa uwanjani, kasri ni picha ya kadi tu. Humu ndani mwamba uko begani na ukuta wa papa umening'inia juu ya kichwa, na mtoto wa miaka sita hahitaji kuambiwa kuwa waliojenga jengo hili walikuwa na hofu na walikuwa na fedha. Hata kijana asiyebanduka kwenye simu huirudisha mfukoni, maana mkono mmoja umeshika koti na wa pili umemshika mdogo wake. Ni mwongoza watalii gani mwingine anayeweza hayo bila kudai malipo?

Hekima ya mji wenyewe haisomeki bila upepo. Siku tulivu, mnara wa Augustins kwenye rue Carreterie huonekana kama haukumaliziwa: juu yake kengele imekaa ndani ya fito za chuma, bila paa wala kuta. Siku ya Mistral mtoto huelewa mara moja: upepo unapita katikati na chuma kinabaki mahali pake. Nje ya kuta somo ni hilo hilo. Nyumba za shamba zimeupa upande wa kaskazini mgongo, ukuta mtupu au wenye vidirisha viwili vitatu, na miti ya mvinje imepandwa safu kwa safu kukinga mazao.

Wapinzani wanayo mashitaka yao, na baadhi si ya mzaha. La kwanza ni uharibifu. Lakini tazameni daraja. Ujenzi wa Saint-Bénézet ulianza mwaka 1177, likapata matao 22, na leo yamebaki 4. Nani aliyeyala mengine? Mafuriko ya mto Rhône, karne hadi karne, mpaka watu wa karne ya 17 wakakata tamaa ya kulitengeneza. Mistral katika kesi hiyo hauna hatia, lakini mhalifu ndiye anayepigwa picha na kupandiwa mashua za starehe, na asiye na hatia ndiye anayelaaniwa. Shitaka la pili ni moto. Kiangazi, cheche moja kwenye misonobari huwa balaa upepo huu ukiwepo, na hapo sina utetezi wa kuchekesha. Naweza kusema tu kwamba upepo hauna kiberiti, na kwamba siku za hatari wakuu hufunga njia za misituni. Kuhusu ule usafi wa hewa alioutaja Seneca, kweli mashamba ya zabibu hukaushwa baada ya mvua kabla ukungu haujayavamia, na anga hung'aa hivi kwamba kutoka bustani ya Rocher des Doms, nyuma ya kasri, mlima Ventoux wenye zaidi ya mita 1,900 huonekana kama uko mtaa wa pili. Kuhusu tauni ya mwaka 1348, ambayo upepo haukuizuia, tuendelee mbele.

Itasemwa kuwa anga safi ni mali ya wachoraji, na mtu mwenye kigari cha mtoto anataka utulivu. Van Gogh alipokuwa Arles mwaka 1888 alilazimika kushikiza egemeo lake la kuchorea kwa vigingi ardhini, na hakuwa na mtoto wa kubeba. Nakubali, kigari ni tabu. Lakini mulizeni aliyeishi na tabu hiyo tangu utoto. Watu wa Provence, ndilo eneo hili, wanapopanga sanamu ndogo za udongo za Krismasi kuzunguka hori la Bethlehemu, humweka meya, muuza samaki na msaga unga. Na kati yao husimama mchungaji aliyejikunja kuelekea mbele, joho likipepea nyuma, mkono mmoja umekandamiza kofia kichwani. Upepo wenyewe haufinyangiki, kwa hiyo wamemfinyanga anayepigwa nao, wakaupa nafasi mbele ya Mtoto Yesu, mahali ambapo papa hata mmoja wa Avignon hakualikwa.