Nusu Glasi ya Maji Machafu

Harufu ya sinki haikamatwi siku ya kwanza, kwa sababu kila nyumba ina mtuhumiwa wake wa kudumu. Kwetu Tabata walianza dagaa. Dagaa wakahamishiwa uani, harufu ikabaki. Zikafuata soksi za shemeji, zikafuliwa mpaka zikapauka. Akasingiziwa panya aliyefia darini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa hai. Baba mwenye nyumba akaitwa, akasimama mlangoni, akanusa kidogo, akatoa hukumu: "Hiyo ni ya kwa jirani."

Kumbe chini ya sinki, nyuma ya ndoo ya unga, kulikuwa na fleksibo iliyokunjwa na kufungwa kwa kipande cha waya wa kuanikia nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa trapu yetu. Waya ulilegea, kunjo likanyooka, na maji yakawa yanapita moja kwa moja bila hata kusalimia.

Na kazi ya trapu ni kubakiza maji, basi. Ukimaliza kuosha vyombo, maji kidogo ya kina cha sentimita tano mpaka saba na nusu hubaki kwenye kona ya bomba, nayo ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isipande jikoni, pamoja na mende wake. Nyumba ina nondo madirishani na mbwa getini, lakini upande wa chini inalindwa na nusu glasi ya maji ya sabuni na punje mbili za wali.

Shemeji alijitolea kwenda Kariakoo kununua nyingine. Badala ya kung'oa kipande cha zamani aende nacho, alipima tundu la sinki kwa kidole gumba na cha shahada, akaacha vidole vimeachana vile vile, akapanda daladala mkono juu. Abiria walimpisha wakidhani ameumia. Kwa maelezo yake mwenyewe, kipimo kilifika salama mpaka Buguruni, pale konda alipodai nauli na hela zilikuwa mfuko wa upande ule ule.

Alipofika Kariakoo, upande wa Gerezani, muuzaji alimuuliza swali moja tu: "Kaka, ya moja na robo au moja na nusu?" Inchi moja na robo kwa kawaida ni ya beseni la kunawia mikono; moja na nusu ni ya sinki la jikoni. Shemeji, mtu wa amani, akaomba ya katikati. Muuzaji wa Gerezani hamvunji mteja moyo. Akamfungia botoltrapu ya moja na robo, inayong'aa, yenye bei ya kung'aa pia.

Botoltrapu ni nzuri mahali pake, yaani chini ya beseni ambalo wageni wananawa na bomba linaonekana. Ina kikombe chini. Unakifungua, unamwaga uchafu, unarudishia. Lakini jikoni kwa watu wa wali wa nazi na nyama ya kukaanga, kikombe hicho hujaa mafuta yaliyoganda na sinki likagoma. Ya S, ambayo bomba lake linashuka wima sakafuni, ina ubaya mwingine: ukimwaga maji mengi kwa mpigo, yanayoshuka huyavuta hata yale yaliyotakiwa kubaki. Ukisikia sinki linalia glu-glu-gluuu, jua mlinzi kaondoka na wezi. Umbo hilo la S alilipatia hataza Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa fundi saa London, mwaka 1775, kwa ajili ya choo cha kuvuta maji. Fundi saa! Na warithi wake wa Dar es Salaam wanakwambia "nipo njiani" wakiwa bado kitandani.

Mimi ni mtu wa P. Inashuka, inapinda, inapanda kidogo, kisha inalala kuelekea ukutani. Haina urembo, ila uchafu unapita, na bomba likiwekewa pa kupumulia, maji hayanyonywi.

Ya sakafuni bafuni nayo ina kisa chake, maana isipotumika hukauka. Waliorudi mjini Januari baada ya sikukuu Moshi wanaijua harufu inayowapokea. Mwaka 2003, katika maghorofa ya Amoy Gardens kule Hong Kong, ugonjwa wa SARS uliwapata wakazi zaidi ya 300, na trapu za sakafuni zilizokauka zikatajwa kuwa mojawapo ya njia zake. Kabla ya safari mimi humwaga kopo la maji na vijiko viwili vya mafuta ya kula juu yake, yasikauke upesi. Mama mkwe aliponiona nakimwagia choo mafuta, kwa bei ya sasa, alimpigia mwanawe simu.

Ile ya shemeji ikakataa, tukaita fundi, naye alikuja na P ya moja na nusu, siku ambayo siyo aliyoisema. Nati za plastiki hukazwa kwa mkono. Yeye akatoa spana ndefu.

"Fundi, taratibu."

"Mama, ondoa shaka. Hizi nimefunga mahotelini."

Ikalia *ka!* na nati ikapasuka vipande viwili. Akaing'oa trapu yote, akaenda kwenye pikipiki yake kutafuta nati nyingine. Shemeji akabaki amelala chali chini ya sinki, akimulika kwa simu na kuchunguza penye tundu. Fundi aliporudi akaikuta ndoo ya kukingia imejaa: maji meusi, mafuta, kijiko cha chai kilichopotea tangu Pasaka. Ilikuwa imemkalia njiani. Akaiinua kwa uzoefu wa mahotelini na kuimwaga kwenye sinki.