Kuku Wangu na Wageni Wao

Ukitaka kujua kwa nini wafugaji wa kuku wa Kitale na Bungoma hawatajiriki haraka, usianze na kideri. Wala usimsingizie mwewe. Anza na mlango. Mgeni anayebisha hodi nyumbani kwa Mluhya hapewi chai kavu akaagwa; anachinjiwa. Akiwa ni mkwe, firigisi sharti ionekane kwenye sahani, la sivyo kesi itafika kwa wazee kabla ugali haujapoa.

Niliingia kwenye biashara hii na hesabu safi. Kuku akiatamia, siku ya 21 vifaranga wanatoka. Vifaranga wanakua, wanataga, nao wanaatamia. Mimi nanunua ploti Kiminini. Kwenye daftari langu hakuna kuku aliyewahi kufa.

Kundi la kwanza likabebwa na kideri. Jogoo aliyekuwa akifukuza mbwa Jumatatu, Jumatano amepinda shingo anatazama mbinguni kana kwamba ameitwa jina. Jirani akaniambia niweke pilipili na mshubiri kwenye maji yao. Kuku walikunywa vizuri sana, wakafa wamechangamka.

Kundi lililofuata nikalichanja. Chanjo yenyewe ni tone moja tu jichoni, na dawa haitaki joto, kwa hiyo niliitoa agroveti ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Shida ni kwamba kuku hana haja ya kutibiwa saa nane mchana. Tulikimbizana hadi kwenye mahindi ya jirani, watoto wake wakishangilia upande wa kuku. Baadaye mzee mmoja akanieleza kwa upole kwamba kuku huchanjwa usiku, akiwa amesinzia, hana habari.

Kideri kikapita bila kutugusa. Ikaja Desemba. Waluhya wa Nairobi wakarudi nyumbani, na kila aliyeshuka basi alikuwa ama shemeji, ama binamu, ama rafiki wa shemeji aliyekosa gari la kuendelea. Kufikia Januari banda lilikuwa na manyoya na deni la chakula cha kuku. Chanjo ya shemeji haiuzwi agroveti.

Mama akanipigia simu kutoka Bungoma. "Baba, usikate tamaa. Hata Kijana Wamalwa alianguka." Ni kweli. Michael Kijana Wamalwa, mzaliwa wa upande wa Kimilili, aliwania ubunge wa Kitale Magharibi mwaka 1974 akashindwa. Akarudi 1979 akaingia Bungeni, na Januari 2003 akawa Makamu wa Rais. Nilipata moyo, ingawa wapigakura wa Wamalwa hawakuwa wakichinjwa kila shemeji alipobisha hodi.

Kilichonifungua macho ni mahindi. Watafiti wa hapa Kitale walikuwa na mbegu yao nzuri, Kitale Synthetic II. Wakaiozesha kwa Ecuador 573, mbegu ya kutoka Amerika Kusini, na mwaka 1964 wakulima wakapewa H611, mahindi chotara ya kwanza nchini. Yaani hata mahindi ya Trans Nzoia yalinawiri baada ya kupata wakwe! Basi nami nikaacha kupigana na wakwe, nikawaingiza kwenye hesabu.

Sasa daftari langu lina mstari wa chakula, mstari wa chanjo ya kila miezi mitatu, na mstari wa wageni. Majogoo wa ziada wamefungwa uzi mwekundu mguuni: hao ni wa mezani. Anayetaga haguswi, hata aje askofu. Waliobaki wanapanda juu ya matatu ndani ya tenga, wanapita Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, kwa mama mmoja wa hoteli anayelipa kabla maji hayajachemka. Kondakta hunitoza nauli kana kwamba kuku watakaa dirishani. Ploti ya Kiminini bado naipita tu nikiwa safarini, lakini karo ya muhula huu imetoka bandani.

Mashemeji wameupokea utaratibu huu kwa heshima. Mmoja tu ndiye bado namchunga. Krismasi iliyopita alizunguka banda mara mbili, akamkazia macho tetea wangu mnono kuliko wote, kisha akatoa mfukoni uzi mwekundu aliokuja nao mwenyewe.