Mwasumini Ugenini

Mti wa asumini, kwetu sisi tuliolelewa Pangani, hauhesabiwi katika mambo ya kushughulikiwa: huchomekwa kando ya kisima, hunyweshwa maji yaliyooshewa vyombo, na kila magharibi hufumbua maua yake meupe, ambayo akina mama huyachuma wakayatunga vikuba pamoja na rihani. Lakini mti huohuo, ukishasafirishwa hadi Singida, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, penye msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na upepo usiojua kubisha hodi, hugeuka mgeni wa daraja la sultani, asiyelala bila kufunikwa wala kuamka bila kujuliwa hali.

Jirani yangu, mzee wa Kinyaturu mwenye heshima zake, alipouona nimeuvika magunia kwa ajili ya baridi ya Juni, alisimama kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, huu unaliwa?" Nikamjibu hauliwi, hunuswa. "Basi Mungu akusaidie," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani. Na insafu yanilazimu kusema kwamba hoja yake haikuwa dhaifu, maana yeye ua lake ni alizeti, ambalo likishapendeza machoni hutoa mbegu za kukamuliwa mafuta, na mashudu yakawafaa ng'ombe.

Mbuzi niliwazuia kwa ua wa minyaa, ambayo utomvu wake hauna mpenzi. Mpwa wangu, aliyekuja likizo, naye kwa ikhlasi yake akaona bomba liko mbali ilhali ziwa Singidani li karibu, akaumwagilia mti debe zima la maji yale ya chumvi wanayoyapenda heroe. Majani yakapiga manjano, udongo ukabadilishwa wote, na likizo ikafupishwa.

Ama kuku, hao hawana dawa. Kuku wa Singida, ambao sifa zao zimefika Dar es Salaam kabla ya matenga yao, hawatambui mpaka; na tetea mmoja wa yule mzee, alipokwisha kuukagua mji mzima, aliridhika na kivuli cha mwasumini wangu, akataga, akaatamia. "Mwalimu, usimwage maji hapo, mayai yataharibika," mzee akanionya, nami kwa siku 21 nikautazama mti ukikauka kwa ajili ya ujirani mwema.

Vifaranga walipototolewa, mvua za kwanza nazo zikashuka, na mwasumini, ambao tabia yake ni kuchanua kwa fujo ukinyweshwa baada ya kiu, ukajaa maua, mtaa mzima ukanukia. Magharibi ile ile mjukuu wa mzee akabisha hodi na ungo mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Babu anasema mbolea ilikuwa ya kuku wake, kwa hiyo nimefuata nusu yetu, bibi anataka kujifukizia."