Mgonjwa Mwenye Kloroplasti

Kuna noti za seli zinazozunguka River Road hapa Nairobi ambazo nazifahamu kuliko ninavyowafahamu shemeji zangu. Wanafunzi wa uuguzi wameziachiana mkono kwa mkono, darasa hadi darasa, na kila muhula zinarudi kwenye mashine yangu ya fotokopi zikiwa zimechakaa zaidi. Aliyeziandika hajulikani. Aliyechora picha zake naye hajulikani, na kwa hali zilivyofikia, heri aendelee kujificha.

Maana picha yenyewe ya seli ni nakala ya nakala ya nakala. Kiini kimebaki kwa sababu ni kikubwa. Utando umekatika sehemu tatu, jambo ambalo kwa seli hai ni msiba. Ribosomu ama zimepotea ama zimechanganyika na vumbi la kioo, hata sijui tena nukta ipi ni elimu na ipi imepanda ngazi kutoka barabarani. Na mitokondria, ambayo kila mwanafunzi ameikariri kwa sentensi moja tu kwamba ndiyo kinu cha nishati, imegeuka doa jeusi. Mteja akiliona hilo doa, wa kulaumiwa ni mimi. "Mzee, tona yako imeisha." Tona yangu! Tona niliyoinunua juzi kwa pesa ambazo kwetu zingetoa mbuzi na kubakisha za chumvi.

Doa ningelivumilia. Nisichovumilia ni ukurasa wa nne. Zamani hizo kuna mtu aliyekosa picha ya seli ya binadamu, akabandika ya mmea: ukuta wa seli, vakuoli kubwa katikati, kloroplasti zimetapakaa. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa, SELI YA BINADAMU. Sasa, binadamu hana ukuta wa seli. Ana utando tu, tabaka mbili za mafuta zilizochomekwa protini zinazochagua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Kloroplasti hana kabisa, ndiyo maana inatubidi tununue githeri. Muuguzi atakayeuamini ukurasa huo akipokea mgonjwa aliyesinyaa atamwanika juani na kumwagilia maji.

Nilimwonyesha kijana mmoja wa diploma. Akanijibu kwa upole ule wa kumtuliza babu: "Mzee, wewe toa tu. Waliotutangulia walisoma hiyo hiyo na walipita."

Hili jibu lina ukoo mrefu. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Theophilus Painter alihesabu kromosomu za binadamu kwa hadubini, akapata 48, na vitabu vya dunia nzima vikanakili 48. Wapo watafiti waliohesabu 46 wakaiacha kazi, wakidhani kasoro iko kwao. Mpaka mwaka 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliokuwa wakifanya kazi Lund nchini Uswidi, walipochapisha kwamba ni 46. Miaka thelathini na zaidi watu wenye digrii wanatoa tu, kwa kuwa waliowatangulia walipita! Sisi tunaopanda matatu za magharibi ya Nairobi hatungekuwa na udhuru, kwa kuwa hesabu yote imo kwenye namba za njia zetu. Mbegu ya baba ina 23, ya Uthiru. Yai la mama lina 23 nyingine. Zikikutana unapata 46, ya Kawangware. Wataalamu wakapanda 48, wakajikuta Kileleshwa, na hakuna aliyemwuliza makanga.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hiyo seli tunayoichora ovyo inanakili vizuri kuliko barabara yetu nzima. Kabla haijagawanyika inatoa nakala ya DNA yake yote, jozi za herufi zipatazo bilioni sita, uzi ambao ukinyooshwa unakaribia mita mbili, na ambao umekunjwa ndani ya kiini usichoweza kukiona kwa jicho. Kazi hiyo huchukua kama saa nane. Kimeng'enya kinachonakili kikiweka herufi isiyooana na mwenzake kinarudi nyuma, kinaing'oa, kinaweka nyingine; halafu wanapita wakaguzi wengine kusafisha yaliyobaki. Mwisho wa yote huponyoka kosa kama moja katika herufi bilioni. Mimi nikitoa kurasa mia bila karatasi kukwama humshukuru Mungu kwa sauti mpaka muuza vifuniko vya simu ananigeukia. Na seli haina mteja wa kuiambia, "Nifanyie shilingi mbili, mzee, mimi ni mwanafunzi."

Waliopumzika ni seli nyekundu za damu. Zikikomaa hutupa kiini nje, mitokondria nazo zinakwenda, zinabaki na shehena ya himoglobini basi. Hazinakili chochote. Zinabeba oksijeni kwa siku 120 hivi, kisha zinastaafu. Nazihusudu.

Lakini ni kwenye damu hapo hapo noti hizi zinaponichosha kabisa. Zinaanza na Robert Hooke na kizibo chake cha mwaka 1665, bwana ambaye alichoona ni vyumba vitupu vya gome la mti, halafu zinaruka hadi maswali ya marudio. Kenya haimo. Ilhali mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa nchi hii hii, alizunguka akikusanya damu za watu, akakuta chembechembe za urithi wa selimundu zimejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, na kwa watu wa nyanda za juu ni adimu. Yaani kule kule yanakoelekea mabasi ya usiku yanayopakia mtaa huu, ya Busia, Kisumu, Mombasa. Mwaka 1954 akaeleza kwa nini: ndiko kwenye malaria. Herufi moja tu iliwaponyoka wakaguzi, na mahali pa sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini asidi ya glutamiki ikawa valini. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa sana na malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili, seli zake zikipungukiwa oksijeni hujipinda, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yake mtu mzima hulia. Mtoto wa namna hiyo ataletwa wodini saa nane usiku, na muuguzi wa zamu ni huyu anayepigania shilingi moja nami hapa.

Halafu kuna Kilifi, huko huko pwani. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba wenye damu ya aina ya Dantu, ambayo huko imeenea kuliko kwingine, wana seli nyekundu zenye utando uliokazika hata kimelea cha malaria kinashindwa kupenya. Utando! Ule uliokatika sehemu tatu.

Ukiwauliza wanafunzi utando una kazi gani kwa muuguzi wanasema ni wa kukariri. Mimi nimezisoma noti hizi mashine ikipasha moto, mara nyingi kuliko wanaozilipia, na jibu limo ukurasa wa saba, chini pembeni. Mwingizie mtu maji matupu mshipani, maji yatajipenyeza kwenye seli nyekundu hadi zipasuke. Zidisha chumvi, maji yatazitoka zisinyae. Ndiyo sababu dripu ya chumvi ya kawaida ni asilimia 0.9, hakuna cha kukisia kwa kiganja kama mpishi wa hotelini. Hiyo sentensi peke yake inafaa kulipiwa noti nzima. Na ndiyo sentensi ambayo mtu fulani, Mungu anamwona, aliipiga tundu la faili katikati.

Juzi nikaamua liwalo na liwe, ukurasa wa nne siutoi. Binti mmoja akapokea bunda lake, akahesabu, akahesabu tena.

"Mzee, hapa pamepungua moja."

"Ni picha ya mmea, binti yangu. Wewe hutauguza sukuma wiki."

"Lakini nilikuletea zote."

Nikamweleza habari ya ukuta na ya kloroplasti, nikamtajia hata Painter. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akatoa kisikizi kimoja sikioni. "Umesema nini?"

Nikamtolea ukurasa wake. Akaufurahia sana. Akasema darasa lao linataka nakala arobaini za huo huo, na kama inawezekana ziwe za rangi.

"Rangi gani, na picha ni nyeusi?"

"Si utapaka kwa kompyuta, mzee? Hizi zilizotapakaa, ziweke kijani."

Kopi ya rangi ni shilingi ishirini. Nikavuta kiti, nikaanza kupaka.