Muulize Shangazi: Grupu la Ukoo Limejaa Amina

*Shangazi, shikamoo. Ni mweka hazina wa grupu la ukoo. Nikituma namba ya kupokelea michango ya msiba, muda si mrefu imefukiwa na "Amina", "Amina sana" na picha za waridi zenye "Asubuhi njema", saa tatu usiku. Nifanyeje? (Mweka Hazina, Morogoro)*

Marahaba. Anayeandika Amina hataki kusomwa. Anataka ijulikane kwamba yupo, kesho asiulizwe mbona msiba ulimpita. Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu kubonyeza ujumbe ukaacha alama ya mikono ya dua juu yake. Waelekeze waonekane huko. Namba yako ibandike juu ya grupu.

*Shangazi, nimewaonya watu kwamba WhatsApp itaanza kutoza pesa tusiposambaza ujumbe kwa watu kumi. Badala ya shukrani, nimetukanwa. (Mwema, Tanga)*

Mwanangu Mwema, ujumbe huo ulikujia na mishale miwili, kwamba umeshasambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 wa namna hiyo hupelekwa sehemu moja tu kwa mkupuo. Kwa hiyo ulikaa ukaupeleka grupu moja, ukarudi, ukaupeleka la pili, ukarudi tena. Muda wote huo ulitosha kumuuliza mtu mmoja kama ni kweli.

*Mjomba hutuma sauti ya dakika tisa. Kumkatiza ni utovu wa adabu, kumsikiliza ni kuunguza ugali. (Mpwa, Mombasa)*

Mjomba hakatizwi, anaharakishwa. Bonyeza 2x, asikike kama dalali wa mnadani. Kisha andika: "Tumekusikia, mjomba. Kikao Jumapili saa nane, kwa bibi." Ukoo mzima utakuombea, naye ataamini wote wamemsikiliza hadi mwisho.

*Shangazi, nimechoka. Nimefunga grupu, tunaandika maadmini pekee. Kelele zimekwisha, na michango nayo imekwisha. (Admini, Dodoma)*

Ulitegemea nini? Ile orodha ambayo kila mchangiaji huinakili, akaongeza jina lake na kuirudisha nzima, ndiyo iliyokuwa ikikuletea pesa. Aliyeona shemeji katoa elfu hamsini hawezi kulala na elfu tano yake. Fungua. Funga usiku tu, watu walale. Ila ukifunga siku ya kusoma mapato na matumizi, hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa unapunguza kelele.